Mkate wa Wishwa

Wakazi wa Nairobi huenda Lamu kwa njia mbili. Wa Westlands na Lavington hupanda ndege ndogo pale Wilson, wakatua Manda na kuvushwa kwa mashua hadi gatini. Wa Kangemi na Kawangware hupanda basi, wakapita Malindi na Witu, wakafika Mokowe miguu imevimba. Wakirudi, wote huwa na habari zile zile: tulikula samaki wa kupaka, tuliona mbio za punda, tukasimuliwa kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa pwani. Ukiwauliza Liyongo alifanya nini, wanakumbuka jitu refu lililouawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni.

Sindano ni mwisho wa kisa. Busara yenyewe imo gerezani, kabla ya sindano. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitia kisa hicho katika utenzi mwaka 1913, lakini wazee walikuwa wakikihadithia tangu zamani. Mfalme wa Pate alimwogopa Liyongo, akamfunga kwa minyororo. Kila siku mama yake alimpelekea chakula kizuri kwa mkono wa kijakazi Saada, na kila siku walinzi wakakila wao. Ndipo Liyongo akatuma maneno kwa fumbo la shairi: mama aoke mkate wa wishwa, atie tupa ndani yake. Walinzi walipoona mkate wa makapi waliudharau, wakampitishia mfungwa kwa maneno ya kejeli. Usiku ikapigwa ngoma ya gungu nje ya gereza, kwa siwa na matoazi, watu wakiitikia kwa sauti kubwa. Liyongo akakata minyororo na mlio wa tupa usisikike.

Walinzi wale ndio waliokula vizuri kuliko watu wote wa kisa hiki, na ngoma ilipigwa mlangoni pao. Ndio pia waliopitwa na kila kitu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mgeni anayekwenda kisiwani kwa hadithi, sherehe na chakula anaweza kuwa kama mlinzi wa Pate asijue. Anaagiza biriani na kamba wakubwa kwenye hoteli inayotazama bahari, na mkate wa mofa, ule wa mtama unaookwa kwa kubandikwa ndani ya tanuri la udongo, anaupita mtaani kwa kuwa rangi yake haimvutii. Akiulizia huo, ataambiwa nani huuoka, alifundishwa na nani, na kwa nini wasichana wa leo hawautaki. Mazungumzo hayo hayamo kwenye orodha ya vyakula.

Maulidi yenyewe ya Lamu, sherehe za kuzaliwa kwa Mtume, yana historia ya namna hiyo ya kudharauliwa. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, alifundisha hata watu wa asili ya utumwa, na akaruhusu matari yapigwe katika kumsifu Mtume. Wapo wakuu wa mji waliokereka: walimwona anawashusha hadhi kwa kukaa na wanyonge. Msikiti wake ni Riyadha. Leo wageni kutoka pwani nzima na ng'ambo humiminika uani pake, wanaume wa kanzu wakicheza goma na bakora mkononi, na mji mzima, wajukuu wa wale waliokereka wakiwamo, unajivunia siku hizo. Lamu iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa majumba yake ya matumbawe na utamaduni wake. Nadhani waliouweka utamaduni huo hai ni watu waliowahi kudharauliwa, zaidi kuliko majumba.

Sasa tugeuke nyumbani, maana Kangemi hatuhitaji kupanda mashua ili tukutane na wazee. Wapo akina kuka na guga, mababu zetu waliotoka Maragoli na Bunyore, na kule Dagoretti wapo akina cucu, mabibi wanaojua kila mto ulikuwa unapita wapi kabla ya majumba haya. Vijana wao hulipa nauli ya ndege kwenda kumsikiliza mzee wa Lamu, halafu Jumapili bibi akianza "hapo zamani" wanatazama simu. Mimi sina ubaya na safari. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila asiyekuwa na subira ya kumsikiliza bibi yake mwenyewe sebuleni ataisikia vipi ya Liyongo akiwa na saa mbili tu kabla ya boti ya kurudi Manda?

Anayetaka kwenda na aende akiwa na muda. Ajistiri kwa mavazi, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, awaache wacheza goma wacheze bila kuwasimamisha wamtazame. Aingie Makumbusho ya Lamu akaione siwa ya Pate ya pembe ya ndovu, aulize ilipigwa lini na kwa heshima ya nani. Maulidi ya Riyadha huangukia siku za mwisho za mwezi wa Mfunguo Sita, na kwa kuwa mwezi huo ni wa mwandamo, hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mpigie simu mwenyeji wako kwanza, ndipo uombe likizo.