Muungwana: Neno la Bwana na Neno la Mtumwa

Tukimwuliza mwanafunzi wa leo kinyume cha neno "muungwana", aghalabu atajibu kuwa ni mshenzi, au mtu asiye na adabu. Lau tungemwuliza swali hilo hilo mtu wa pwani aliyeishi miaka mia na hamsini iliyopita, asingesita: kinyume cha muungwana ni mtumwa. Kati ya majibu haya mawili pana safari ndefu, nayo si safari ya lugha peke yake. Tunaandika haya kutoka Mute, katika wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, mahali ambapo Kimakwe, Kimwani, Kimakonde na Kiswahili hukutana kila siku, na ambapo vitukuu vya waliomiliki na vya waliomilikiwa wangali wakiteka maji kisima kimoja.

Kamusi za kale hazina kigugumizi juu ya jambo hili. Ile ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, na ile ya Johnson ya mwaka 1939 zinalifasiri neno hili kwa kuzaliwa huru, kwa kutokuwa mtumwa wa mtu. Johnson anaongeza elimu na malezi mema, lakini hata hapo malezi ni tunda la nasaba: aliyezaliwa nyumba fulani amelelewa hivi, basi anasema hivi na kula hivi. Adabu ilikuwa alama ya uungwana, kama vile kofia na viatu vilivyokuwa alama yake. Mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya waungwana, na kwa hiyo mtu aliyekuja njiani alijulikana daraja lake kabla hajafungua kinywa.

Swali tunalotaka kulitazama ni hili. Je, yafaa kuuita wema kwa jina lililozaliwa katika kumiliki watu? Kila tunapomsifu mtoto darasani kwa kumwambia kuwa ni muungwana, tunamsifu kwa neno ambalo maana yake ya kwanza haikuwezekana bila ya kuwako mtu mwingine aliyefungwa.

Kiswahili hakiko peke yake katika mashaka haya. Waingereza wana neno lao la kale, "free", ambalo leo wanalitumia kwa kila kitu kisicho na kizuizi wala bei. Shina lake lilikuwa na maana ya kupenda, na ndilo shina la neno lao la rafiki. Wataalamu wa lugha hueleza kwamba mwenye sifa hiyo alikuwa yule aliyehesabiwa miongoni mwa wapendwa wa nyumba, yaani jamaa, tofauti na watumwa waliokaa chini ya paa lilo hilo. Neno lao jingine, "gentle", walilichukua kwa Wafaransa, na hapo kwanza lilimaanisha mtu wa ukoo bora. Baadaye sana likawa upole. Limepita njia ile ile ya muungwana. Basi jambo hili ni la binadamu: wenye nguvu huyapa matendo mema jina la nasaba yao, kisha karne hupita na watu husahau kwamba jina lilikuwa na mwenyewe.

Lakini tuyatazame ya pwani yetu. Mwanzoni mwa karne ya 19 mashua za wavamizi kutoka Madagaska, waliojulikana kama Wasakalava, zilishambulia visiwa vya Quirimbas na pwani iliyo mkabala navyo, zikachukua watu. Miongoni mwa waliochukuliwa walikuwamo waungwana, ambao jana yake walikuwa na watumwa wao. Biashara ile ile iliyopitia Ibo, ikipeleka watu wa bara kwenye mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, iliweza kumgeuka mwenye nyumba kwa usiku mmoja. Mtu aliyelala muungwana aliamka mtumwa, na hakuna kilichobadilika katika tabia yake. Tunaona kuwa hapa ndipo uwongo wa maana ya kwanza unapodhihirika: kama uungwana ni sifa ya mtu mwenyewe, vipi huondoka kwa kamba?

Sheria nazo hazikutusaidia sana. Lisbon ilikataza usafirishaji wa watumwa mwaka 1836. Mwaka 1869 iliwageuza watumwa wote wa makoloni yake kuwa "libertos", yaani walioachwa huru, nao wakalazimika kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale hadi mwaka 1878. Wareno, kwa ufupi, walitunga neno la uhuru lililomaanisha utumwa. Lakini ghuba ya Tungue, ambayo mji wa Palma umekaa kandoni mwake, wakati huo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, wala Wareno hawakuitwaa hadi mwaka 1887. Zanzibar nayo ilifuta hadhi ya utumwa kisheria mwaka 1897, miaka kumi baada ya Tungue kutoka mikononi mwake. Kwa hiyo sheria ya Lisbon ilipotimia sisi tulikuwa wa Zanzibar, na sheria ya Zanzibar ilipokuja tulikuwa wa Lisbon. Baada ya hapo ikaja Companhia do Nyassa na kodi yake na kazi ya kulazimishwa, ikatawala kaskazini hii hadi mwaka 1929. Mjukuu wa muungwana na mjukuu wa mtumwa walisimama mstari mmoja wakibeba mzigo mmoja.

Sasa, ni nani aliyelitoa neno hili katika nasaba na kulipeleka katika tabia? Walimu wengi hudhani kwamba maana imelainika yenyewe, kama jiwe la mtoni. Sisi hatukubali. Tunaona kuwa kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ilifanywa na wale walionyimwa neno lenyewe.

Wapagazi na askari wa misafara iliyokwenda bara kutoka Zanzibar na Bagamoyo katika karne ya 19 walijiita waungwana, na wasafiri wa Kizungu kama Stanley waliliandika jina hilo vitabuni mwao. Wengi wao walikuwa watumwa kwa sheria, na sehemu ya mshahara wao ilikwenda kwa mabwana. Walakini njiani, mbali na macho ya mwenye nyumba, walijipa jina walilonyimwa nyumbani, na hapakuwa na mtu wa kuwakanusha. Huko Maniema watu wa bara waliojiunga na kina Tippu Tip nao walijiita hivyo hivyo, hata Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikapata jina la Kingwana. Wala tusiipambe habari hii. Waungwana hao wapya wa Maniema waliteka watu na kuwauza, maana waliona njia ya hakika ya kuthibitisha kuwa si mtumwa ni kuwa na mtumwa. Neno lilikuwa limepanda ngazi pamoja na sumu yake.

Zanzibar ilikuwa na njia nyingine, nasi tunaiona bora. Baada ya mwaka 1897 wanawake waliotoka utumwani waliziacha nguo za kaniki na merekani zilizowatambulisha, wakavaa kanga, na baadaye buibui. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Waungwana wa zamani walinung'unika, lakini macho yalikuwa yamepoteza kipimo chake: mtu aliyepita barabarani hakuweza tena kujulikana kwa mavazi, ikabidi ajulikane kwa maneno na matendo yake.

Tukiwa na habari hizi akilini, methali tunayoifundisha kila mwaka inapata sauti nyingine. "Muungwana ni kitendo." Tumezoea kuieleza kama nasaha nyepesi ya adabu. Katika mji ambamo nasaba ilikuwa imekwisha kuamua kila jambo, kusema hivyo kulikuwa kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba yake haitoshi. Na ile nyingine, "Muungwana akivuliwa nguo huchutama," inamzungumzia mtu aliyenyang'anywa alama zote za nje, akabaki na kile asichoweza kuvuliwa. Hatuoni kama mtu anaweza kuielewa vyema bila kujua ni nani, katika pwani hii, waliokuwa wakivuliwa.

Lipo pia neno "huru", ambalo mkondo wake ni wa ajabu zaidi. Mtumwa aliyeachwa na bwana wake alipewa hati akaitwa huru. Hakuitwa muungwana, kwani huru alikuwa na jana ya utumwa na muungwana hakuwa nayo. Lilikuwa neno la daraja la chini. Ndilo lililopandishwa kwenye mlingoti Dar es Salaam mwaka 1961 na Nairobi mwaka 1963, na wapigania uhuru wa Msumbiji waliolijua Kiswahili walilivusha mto Ruvuma hadi tarehe 25 Juni 1975. Neno la aliyeachwa likawa jina la mataifa, na neno la bwana likabaki sebuleni, likifundisha watu namna ya kupokea kikombe.

Hapo tuna hofu moja. Uungwana uliobaki kuwa upole mtupu huombwa zaidi kwa wanyonge. Mtu anayedai haki ya shamba lake huambiwa awe muungwana. Maana yake anyamaze. Mke aliyedhulumiwa huambiwa vivyo hivyo. Hii ni kejeli kubwa, kwa kuwa muungwana wa maana ya kwanza, pamoja na aibu yake yote, alikuwa na jambo moja ambalo hatupendi lipotee: alikuwa mtu asiyeamrishwa kunyamaza. Wapagazi wale hawakulitamani neno hili ili wawe wapole. Walitamani kutokuwa na bwana. Mwalimu anayelifundisha kama sawa na "mpole" au "mtaratibu" anatoa nusu, na nusu anayoiacha ndiyo iliyowagharimu watu.

Jibu letu kwa swali la mwanzo, basi, ni kwamba neno lafaa, mradi lifundishwe na historia yake. Katika Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, watu wengi walikimbia kwa miguu porini na kwa mashua hadi Pemba, wakiwa na nguo walizovaa tu. Katika miaka hiyo ya vita sehemu kubwa ya waliohama makwao katika Cabo Delgado walipokewa na kaya za kawaida, ambazo zenyewe hazikuwa na ziada. Hatuna neno jingine la Kiswahili linalolitaja tendo lile kwa ukamilifu kama uungwana.

Lakini katika miji mingi ya pwani posa ingali ikija na mnong'ono. Mzee huinamisha kichwa, akauliza kijana huyu ni wa wapi hasa, babu yake alikuwa wa nani, na kama watu wale ni waungwana. Hakusudii adabu ya kijana. Adabu ameiona mwenyewe, kijana amekaa mbele yake na kofia mkononi. Binti aliye nyuma ya pazia, ambaye asubuhi alifundishwa shuleni kwamba muungwana ni mtu mwenye tabia njema, hulisikia neno lile lile likitumika dhidi ya mtu mwenye tabia njema, na kesho yake atakuja darasani na swali.