Fundi Aliyejificha Ndani ya Wasifu Wake

Kijana wa kisa hiki ni wa kutunga, lakini wenzake wamejaa nchi nzima. Tumweke Mikese, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, malori ya Zambia na Kongo yakipita usiku na mchana. Alisomea umeme chuo cha ufundi cha VETA akapata cheti cha daraja la pili, kisha akachukuliwa kwenye ujenzi wa reli ya SGR kama msaidizi wa fundi. Kazi yake ilikuwa kuvuta kebo za ardhini, kumenya ncha zake, kubana lagi, yaani vichwa vya metali vya mwisho wa kebo, na kuunga. Mkataba ukaisha. Treni za abiria za reli hiyo zilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, yeye alikuwa nyumbani akisubiri simu.

Rafiki yake mwenye steshenari akamwambia afungue ukurasa LinkedIn. Ushauri huo ulikuwa mzuri, maana maofisa ajira wa kampuni nyingi wanasaka watu huko. Ubaya ulianza pale walipokaa kujaza. "Msaidizi wa fundi" likaonekana neno la kinyonge, likafutwa, ikaandikwa "Msimamizi Mkuu wa Umeme". Miezi ya saiti ikageuka miaka mitano. Leseni ya ufundi umeme ya EWURA ambayo hakuwa nayo ikaandikwa, tena ya Daraja A. Mikese nayo ikafutwa, ikawekwa Dar es Salaam, eti nani ataajiri mtu wa kijijini? Akapigwa picha akiwa na koti la kuazima.

Simu ikaja kweli.

"Habari za mchana, kaka. Nimeona wasifu wako, tunatafuta msimamizi. Naomba namba ya leseni yako ya EWURA."

"Dada, leseni... ipo, ila haipo karibu."

"Haya. Saiti ya mwisho ulisimamia mafundi wangapi? Na fomeni wako alikuwa nani, nimpigie?"

Jina la fomeni alilitaja, kwa kuwa hakuwa na jingine la kutaja. Mzee yule hakumharibia kijana wake, alisema alichokijua tu: "Mkono wake ni safi, lagi alizobana hazijawahi kuungua. Ila kusimamia watu, hapana, hakusimamia." Dada wa ajira akashukuru, na jina likakatwa.

Mnaweza kusema alikosa kazi ambayo hata hivyo haikuwa yake. Hasara yenyewe ilikuja baadaye, na hiyo hakuijua. Ofisa ajira hapitii kurasa moja moja akisoma sifa. Huandika jina la kazi, ujuzi na mahali, kisha mtandao humletea orodha ya watu. Wiki chache baadaye dada yuleyule alitafuta mafundi wa kuunga kebo wanaoishi Morogoro na vitongoji vyake, kwa sababu mwajiri hakutaka kugharamia nyumba za wageni. Kijana wetu alikuwa anaitafuta kazi hiyohiyo, na alikuwa anakaa mwendo mfupi tu wa basi kutoka hapo. Kwenye orodha hakuwamo. Neno "kebo" halikuwapo popote kwenye ukurasa wake, na Mikese alikuwa ameifuta kwa mkono wake.

Inaniuma kuona vijana wanaona aibu kwa kazi waliyoifanya kwa jasho na kwa ustadi. Tena taifa hili limekwisha kuona mwisho wa sifa za bandia. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti, na watumishi wa umma 9,932 wakaondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamekaa ofisini miaka mingi. Na kwenye umeme hatari si ya kufukuzwa tu: anayejiita msimamizi bila kujua atawaelekeza wenzake kushika waya wenye moto.

Kijana aliporudi kwa fomeni wake alikwenda kichwa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Walinipigia."

Wakakaa chini, wakafuta. Jina la kazi likawa "Fundi msaidizi wa umeme, kebo za ardhini". Cheti kikaandikwa kama kilivyo, na miezi ya saiti kama ilivyokuwa. Mahali pakawa Mikese, Morogoro. Badala ya koti la kuazima ikawekwa picha aliyopigwa saiti, kofia ngumu kichwani, koleo la kubania lagi mkononi. Kuhusu leseni walikubaliana aandike kwamba hana bado, kisha aanze kuulizia masharti ya daraja linalomfaa. Mzee akakubali awekwe kama mdhamini, akaushika ule ukurasa, akausoma polepole hadi chini, akakunja uso.

"Mbona hukuandika kupima kwa mega? Nani alikuwa anapima zile kebo kabla hatujawasha umeme, si wewe?"