KUMKURUBISHA KIJANA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jueni, enyi wazazi wa Kiislamu, kwamba kijana akisha kubaleghe, matamanio hutangulia, na kujizuia huja nyuma. Matabibu wa zama hizi wasema kuwa sehemu ya ubongo ipimayo hatari haikamiliki mpaka karibu na miaka 25. Lakini sharia humkalifu tangu kubaleghe. Basi katika miaka iliyo kati, ni nani awe hatamu yake ila babake na jamaa zake?

Amepokea Imamu Ahmad kwa Abu Umama kwamba kijana mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akaomba idhini ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamwita karibu, akaketi. Akamwuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mamake, kwa bintiye, kwa dadake, kwa shangazi yake, na kwa ndugu wa mamake. Kila mara akaapa kuwa la. Kisha akamwekea mkono, akamwombea maghufira na usafi wa moyo. Tangu hapo kijana hakuligeukia tena jambo hilo.

Tazameni: haramu haikuhalalishwa, wala kijana hakufukuzwa. Alikumbushwa jamaa zake, wakawa ngome yake.

Wala ujasiri wa kijana hauzimwi, hupewa kazi. Usama bin Zaid alipakatwa na Mtume utotoni pamoja na Al-Hasan. Mwaka wa 11 wa Hijra, naye ni kijana wa kadiri ya miaka 18, akapewa uamiri wa jeshi la kwendea Sham, na ndani yake mna wazee wa sahaba.

Na katika pwani hii, tangu miaka ya 1980, unga wa heroini umeangamiza vijana Mombasa, Lamu na Unguja. Baba yu barazani mpaka usiku. Neno ampalo mwanawe ni la kukemea tu. Siku mwenziwe atakapomnyoshea sumu hiyo, kijana atamwuliza nani? Asiye na wa kumwuliza nyumbani humwuliza yule yule ampaye.

Basi mzee na ale na mwanawe, aende naye msikitini, ampe amana ya duka au ya chombo, amsikilize hata neno la aibu kabla ya kushika fimbo. Na aliyekwisha kutumbukia asifungiwe mlango, bali apelekwe kwa tabibu, na mlango wa toba u wazi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wa Kiislamu, na awalainishe wazee wao. Amin.