Upepo wa Gari Langu

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la Jumamosi hapa Mbale aliniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiri. Tulikuwa tumemaliza somo la mali na matumizi yake, na nje ya dirisha gari langu lilikuwa chini ya mwembe. Akasema, "Maalimu, gari lako lina nguvu za farasi 250. Barabara yetu inahitaji ngapi? Na zile zinazobaki, utaulizwa?" Wenzake walicheka. Mimi sikuweza kucheka. Kijana alikuwa amegusa jambo ambalo dini zote hulihoji: mtu akipewa uwezo unaozidi haja yake, uwezo ule ni wa nani?

Nilizaliwa Walukuba, Jinja, mtaa wa wafanyakazi ambako Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wa kila kabila waliofuata kazi za viwandani. Baba alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo cha Nytil. Mimi nilikuja Mbale kusoma katika Chuo Kikuu cha Kiislamu, kile kilichofunguliwa mwaka 1988, nikaoa huku na kubaki. Mama bado yuko Jinja. Kwa hiyo maisha yangu yamo katika barabara moja: Jinja, Iganga, Namutumba, Tirinyi, Budaka, Mbale, kama kilomita 150. Nimeipita usiku na mchana, katika jua na katika mvua, na zaidi ya nusu ya safari hizo nimeendesha Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003.

Rafiki yangu, Mgisu na Mwanglikana, muuza spea hapa mjini, ana Mitsubishi Lancer Evolution VII ya mwaka 2001. Magari yote mawili yalitoka Japani yakiwa yametumika, yakashushwa Mombasa na kuvuka mpaka wa Malaba kabla ya sheria ya 2018 iliyokataza kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa. Watu wa kipato chetu hawanunui gari la mbio jipya. Tunapata lile ambalo mtu mwingine amechoka nalo, na bado lina nguvu kuliko karibu kila kitu kinachopita mbele ya nyumba zetu.

Niseme kweli juu ya nguvu hizo, maana asiyeuonja utamu wa kitu hawezi kukihukumu kwa haki. Kwa hesabu za kiwandani Lancer lina nguvu za farasi 280 na langu 250. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, lake huchukua kama sekunde 5, langu kama 6. Kwenye kona lake ni bora kabisa, kwa sababu lina mfumo unaogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, likajipinda lenyewe kuelekea ndani. Langu lina injini iliyolala chini, pistoni zikitazamana kulia na kushoto, na kwa hiyo uzito wake u karibu na ardhi. Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rali na Impreza mwaka 1995. Tommi Mäkinen akauchukua mara nne mfululizo na Lancer, kuanzia 1996 hadi 1999. Hapa Uganda, vijana wengi walilipenda jina la Impreza kwa kumtazama dereva Ponsiano Lwakataka akirusha vumbi. Ubishi wa lipi bora haujaisha hadi leo kwenye magereji ya Jinja.

Siri ya magari haya mawili ni moja, nayo ni turbo. Moshi ambao katika gari la kawaida hupotea hewani, hapa huzungusha feni ndogo. Feni hiyo huzungusha nyingine, na hiyo ya pili husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Mhimili unaoziunganisha huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hauzuiliwi ila na utando mwembamba wa oili. Utando ule ukikosekana kwa muda mfupi tu, chuma hula chuma. Ndiyo maana gari likitoka kwenye mbio au mlima hatulizimi papo hapo. Tunaliacha lingurume taratibu dakika moja au mbili, oili iendelee kupita mpaka joto lishuke.

Kuwa nalo ni jambo jingine. Injini hizi zilipangwa kwa petroli ya Japani yenye okteni ya juu; ukijaza ovyo na kukanyaga, injini inanoki na pistoni inapasuka. Mkanda wa taimingi haungoji mshahara. Lancer la rafiki yangu lilikaa chini ya turubai miezi mitano, kwa sababu pampu ya ule mfumo wake wa nyuma ilikuwa imeoza kwa kutu na nyingine haikupatikana karibu. Mimi nina kisa kizito zaidi. Muhula mmoja klachi yangu ilikufa, na fedha niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa karo ya binti yangu wa pili. Nilijiambia nitairudisha mwisho wa mwezi, nikanunua klachi. Binti alikaa nyumbani siku tisa. Kila asubuhi alivaa sare, akaketi barazani, akinitazama nikiwasha gari kwenda kufundisha watoto wa wenzangu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa msafiri wa hija na ngamia wake. Ngamia lazima alishwe na anyweshwe, la sivyo msafiri hafiki. Lakini msafiri akishinda kutwa nzima akimlisha, akimwogesha na kumpamba, msafara humwacha, naye huangamia jangwani pamoja na ngamia wake mzuri. Ghazali alikuwa anazungumzia mwili na roho. Siku zile tisa nilimwelewa kwa gari na binti.

Nilipomweleza hayo, rafiki yangu mwenye Lancer hakukubaliana nami kwa wepesi. Tulikuwa dukani kwake tukinywa chai, akasema, "Mwalimu, sisi tunao mfano wa talanta. Mtumwa aliyeifukia talanta yake ardhini ndiye aliyelaumiwa. Mungu amempa mwanadamu akili ya kutengeneza kitu hiki, mimi nikiendeshe kama trekta? Huko ndiko kufukia." Ni hoja nzito, na sikuijibu siku ile. Uwezo uliozikwa ni kukufuru neema, hata sisi tunasema hivyo. Jibu lilikuja baadaye, na aliyenipa ni mama mmoja wa Kigwere.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Tulikuwa tunatoka Jinja asubuhi, Lancer mbele, mimi nyuma. Baada ya kuvuka mto Mpologoma lami hunyooka, na pembeni akina mama huanika mpunga juu ya mikeka na maturubai, kwa kuwa ukingo wa lami hushika joto na hukausha upesi. Tulikuwa kwenye kilomita 130 kwa saa. Hatukumgusa mtu. Ila kwenye kioo niliona mkeka ukiinuka kama pazia, na kitu cha rangi ya dhahabu kikimwagika kwenye changarawe. Nikaendelea. Nilipofika Budaka mikono ilikuwa mizito juu ya usukani. Nikasimama, nikageuza.

Nilimkuta amechuchumaa, mabeseni mawili mbele yake, akichambua punje kutoka kwenye mawe madogo kwa ncha za vidole. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, ni mimi niliyepita." Hakunyanyua kichwa mara moja. Kisha akasema kwa Kigwere, ambacho kinakaribiana na Kisoga nilichokulia, "Waliopita walikuwa wawili." Akanisogezea beseni moja. Akanieleza kwamba mpunga wenye changarawe mwenye kinu huukata bei, na kwamba mpunga ule mchache ndio alioutegemea kwa karo. Neno hilo, karo, lilinichoma. Tulichambua pamoja zaidi ya saa nzima bila kumaliza. Nilimlipa mpunga uliopotea, akapokea, akasema asante. Nikaondoka nikiwa na vumbi la makapi kwenye kanzu.

Mafakihi wana kanuni inayotawala biashara, ushirika na dhamana: anayekula faida ndiye abebe hasara. Ni kanuni ya haki tupu, na mwendo wangu wa asubuhi ile uliivunja. Raha ilikuwa yangu peke yangu, katika kiti changu, na hasara ilimwangukia mtu asiye na hisa hata ya boliti moja katika gari lile, ambaye hakuulizwa kama anakubali. Kilomita 130 kwa saa ni mita 36 kwa sekunde. Ukiwa kwenye 100, pigo analobeba mtu wa kando ni mara nne ya lile la 50, si mara mbili. Mtoto anayevuka kwenda kuchota maji hana hesabu hiyo kichwani. Anakuamini tu.

Basi nilirudi dukani kwa rafiki yangu na kumwambia: "Ndugu yangu, katika mfano wenu talanta ilikuwa ya bwana, na mwisho wa habari ni siku ya kutoa hesabu. Aliyesifiwa aliirudisha ikiwa na faida. Je, sisi tulimrudishia nani faida pale Mpologoma?" Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza mama yule anakaa upande gani wa barabara. Juma lililofuata alipeleka gunia.

Wala sisemi nguvu ni dhambi. Mwezi uliopita niliwachukua wazee wanne wa msikiti wetu kwenda maziko Kapchorwa. Barabara hupanda kutoka Mbale, iliyo mita kama 1,150 juu ya usawa wa bahari, ikapita maporomoko ya Sipi na kuendelea juu zaidi. Hewa inazidi kuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Mbele yetu lori la mahindi lilikuwa likitambaa, nyuma yake msururu wa magari yakichungulia kupita na kurudi, kila mmoja akijiweka hatarini. Nilingoja mahali ambapo mbele panaonekana vizuri, nikakanyaga mara moja, tukapita na kurudi upande wetu kabla Mzee wa nyuma hajamaliza sentensi. Hapo nguvu zilifupisha hatari, na walionufaika walikuwa ndani na nje ya gari.

Tulipofika, wazee waliteremka mmoja mmoja huku injini ikinguruma taratibu. Mmoja akauliza, "Mbona huzimi, mwanangu?" Nikamweleza habari ya turbo na oili. Akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe ni kama mtu anayebaki kidogo kwenye mswala baada ya kutoa salamu." Tukasimama naye kando ya gari mpaka nikazima, ndipo tukaenda kuzika.

Katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, imepokewa kwamba farasi ni wa namna tatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni sitara, kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Farasi ni yule yule. Wa kwanza amemfuga kwa ajili ya Mungu. Wa pili kwa kujitosheleza, bila kusahau haki ya Mungu iliyomo ndani yake. Wa tatu kwa majivuno na uadui. Ndiyo maana hainitoshi kujua kwamba gari la mtu kutumia mwenyewe halitozwi zaka kwa kauli ya wanazuoni wengi. Kutotozwa zaka si kutodaiwa. Baada ya maneno yale ya farasi, watu wakamuuliza Mtume na habari ya punda. Akajibu kwamba hakuteremshiwa jambo mahususi juu ya punda, isipokuwa ile aya moja inayokusanya yote, kwamba wema na ubaya, hata uwe mdogo kama chembe, mtendaji wake atauona.

Kwa hiyo hili ndilo jibu nililompa mwanafunzi wangu Jumamosi iliyofuata. Ndiyo, nitaulizwa, na nitaulizwa mpaka punje ya mpunga. Lancer ni jepesi zaidi kwenye kona, na Impreza langu limenigharimu kidogo kuliko lake. Nimeshahukumu ubishi huo kwa uaminifu. Lakini gari bora kati ya hayo mawili ni lile ambalo karo imelipwa kabla ya klachi yake, na ambalo dereva wake huondoa mguu anapoona mkeka wa mpunga kandoni.

Wewe unayeendesha barabara ile, tafadhali, ukivuka Mpologoma wakati wa mavuno, punguza mwendo. Akina mama bado wanaanika palepale.