Godoro la Kitindamimba

Godoro jipya likishushwa kwenye bajaji hapa Sumbawanga, mara nyingi huingizwa chumba cha wazazi. La wazazi huhamia kwa mtoto mkubwa, la mtoto mkubwa huenda kwa anayemfuata, na lile lililobonyea katikati, lenye ramani za mkojo wa wote waliotangulia, ndilo analotandikiwa kitindamimba. Nyumba yenye binti wa kazi, au mtoto wa ndugu aliyeletwa kusoma, godoro hilo huweza kushuka ngazi moja zaidi. Kurithishana sikulaumu. Magodoro ni ghali, na mkulima wa mahindi hawezi kununua jipya kila anapojaliwa mtoto. Kinachoniuma ni ule uvundo. Kitu anachorithishwa mtoto apewe kikiwa safi na kikavu, hasa kitu ambacho pua yake italala juu yake usiku kucha.

Huku kwetu kazi hiyo ina ugumu wake. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Zikikatika tu inaingia baridi. Juni na Julai madirisha hayafunguliwi, na watoto wanabanana chumba kimoja wapate joto. Mwenzetu aliyeko Muze, kule bondeni, akilowanisha godoro jua litamsaidia. Huku juu, mwezi wa Januari, godoro lililolowa linaweza kushinda na unyevu wiki nzima huku kwa nje likionekana limekauka.

Na si lazima limwagikiwe maji. Mtoto aliyelala hutoa jasho na mvuke, mvuke huo ukapenya kwenye sponji. Kama godoro limelazwa sakafuni, iwe ya udongo au ya saruji, mvuke unakutana na ubaridi wa chini na kugeuka maji. Liinue uone. Juu shuka ni kavu na safi. Chini pana unyevunyevu, na vidoa vyeusi vidogo vidogo vimejipanga kufuata pale mgongo unapolala. Mkeka uliokuwa chini yake umeshikana nalo, ukiuvuta unatoa sauti ya kubanduka. Hizo ni kuvu, na harufu nzito tunayoifananisha na nguo mbichi zilizofungiwa kwenye beseni inatoka kwazo.

Mkulima wa Kifipa hahitaji darasa la kuvu. Matuta yetu ya intumba hujengwa kwa kufukia nyasi wakati mvua bado zipo. Zinaoza ndani ya udongo, na msimu unaofuata tuta linasambazwa likiwa na rutuba ya ulezi au mahindi. Kuoza kunataka unyevu, joto na chakula, na kitandani mtoto analeta vyote: jasho lake, joto la mwili wake, ngozi inayopukutika na mkojo. Shambani kuoza huko tunakuomba. Kitandani kunamletea mafua yasiyoisha na kukohoa usiku. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima juu ya unyevu na ukungu ndani ya nyumba, likieleza uhusiano wake na pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Mtoto mwenye pumu asilazwe kabisa juu ya godoro lenye kuvu, hata kwa usiku mmoja wa kusubiri jua.

Waliolalia magodoro ya kujaza nyasi walikuwa na nafuu moja: likinuka, nyasi zilimwagwa, gunia likafuliwa, zikajazwa nyingine. Sponji haimwagwi. Otto Bayer na wenzake waliivumbua kemia yake Ujerumani mwaka 1937, na baadaye ikatupa usingizi mwororo kwa bei ambayo wengi wanaweza kuifikia. Lakini vitundu vyake visivyohesabika, vinavyoifanya idunde, ndivyo vinavyonywa kila kinachomwagika na kukificha ndani.

Sasa nije kwenye mkojo, maana hapo ndipo panaponiuma zaidi. Mama mmoja wa mtaani kwetu ana mtoto wa darasa la pili anayekojoa kitandani. Godoro lake analianika nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na choo, mahali ambapo jua halifiki. Nilipomshauri alitoe mbele penye jua, alinijibu kwa sauti ya chini, “Dada yangu, nilianike pale kila mtu apite aone?” Nilimwelewa. Lakini aibu hiyo ndiyo inayolea harufu. Godoro lililofichwa halikauki, lisipokauka linanuka, likinuka mtoto anakwenda nalo shuleni kwenye sweta lake, na huko ndiko anakoimbiwa kikojozi.

Katika watoto 100 wa umri wa miaka 5, takribani 15 bado wanakojoa kitandani, na kila mwaka baadhi yao wanaacha wenyewe. Jambo hili hurithiwa. Mara nyingi mzazi anayemchapa mtoto naye alikuwa hivyo hivyo. Mtoto hafanyi makusudi, amelala. Kumbebesha godoro lake mbele ya wenzake ni ukatili, na haujawahi kukausha kitanda. Ila mtoto aliyekwishaacha akianza tena ghafla, au akiwa na kiu isiyokatika na anakonda, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Kisukari na maambukizi ya njia ya mkojo hujitokeza namna hiyo.

Mkojo ukiwa bado mbichi, usisugue. Kandamiza kwa kitambaa kikavu, badilisha kitambaa, kandamiza tena kwa uzito wa mkono mzima mpaka kiache kunyonya. Kisha changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, unyunyize kidogo mahali pale tu, ukandamize tena. Harufu kali ya mkojo uliolala ni amonia, na siki inaipoza. Pakikaribia kukauka, nyunyiza bekingi soda, ule unga wa wapika keki, uuache masaa kadhaa unyonye harufu, halafu ukung'ute kwa brashi. Jiki isiguse hapo. Ikikutana na amonia hutoa hewa inayochoma mapafu, tena inaila sponji yenyewe. Na manukato yanaongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza, basi.

Wengi hulitumbukiza godoro zima kwenye maji ya sabuni. Sishauri, labda kama limelowa lote tayari. Likishalowa usilikamue kwa kulisokota, litachanika ndani. Likanyage kwa miguu iliyonawishwa, kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha lisimamishe kona moja ikiwa chini ili maji yachuruzike. Baada ya hapo kinachotakiwa ni jua na upepo, na upepo wa Ufipa si haba. Lisilale chini kwenye majani. Liweke juu ya chaga au kichanja hewa ipite pande zote, ligeuze mchana, ulianue kabla ya umande. Msimu wa mvua litoe asubuhi na mapema, maana mawingu mengi hukusanyika mchana. Kulikausha karibu na jiko la mkaa ni hatari kubwa. Sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua hata bila moto kushika chochote.

Kipimo ni hiki: jua likishazama na godoro likishapoa, weka leso nyeupe kavu katikati, kandamiza kwa goti, kisha uinuse. Ukinusa juani utadanganyika. Leso ikitoka na ubaridi wa unyevu, kazi haijaisha. Likikauka kweli, livalishe kava iliyofuliwa na nailoni juu yake, kisha shuka. Nailoni inafaa kwa godoro kavu. Ukiivalisha lenye unyevu umeufungia uvundo ndani. Kadhalika ile plastiki ya dukani ambayo baadhi yetu tunaiacha miaka ili godoro lisichakae: jasho halina pa kutokea. Na chaga chache za mbao, hata kama ni kitanda cha kugongwa na fundi wa mtaani, zitazuia mengi kuliko siki yoyote.

Kuna mtoto mwingine wa kufikiriwa mapema. Novemba kidato cha nne wanamaliza mitihani na kurudi nyumbani, magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba juu ya basi, mvua zikiwa zimeshaanza. Januari mdogo mtu anaanza kidato cha kwanza bweni, na fomu ya kujiunga inataka godoro. Kati ya tarehe hizo mbili, lile la kaka linakaa limekunjwa vilevile nyuma ya magunia. Lifunguliwe siku ileile linaposhuka. Mtoto anayefika bwenini na godoro linalonuka anajulikana kabla hajajulikana jina.

Yapo yasiyookoleka. Vidoa vyeusi vikishazama ndani ya sponji, hakuna jua litakalovitoa, na kulikata vipande vya mito ni kusambaza kuvu hadi sebuleni. Hapo ni kununua. Mavuno yanaingia kiangazi, na wanaouza mahindi kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hupata fedha zao majira hayo. Safari hii ununuzi uanzie chini: godoro la futi mbili na nusu bei yake ni ndogo kuliko la wazazi, na sisi watu wazima tunaweza kulalia letu la zamani msimu mmoja zaidi.