Je, Yatosha Chombo Kifanye Kazi?

Fundi wa jahazi huichora kazi moyoni kwanza, kisha huchonga. Tumezoea kuamini kwamba kila kilichoundwa huanza hivyo: wazo hutangulia, mkono hufuata. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, Adrian Thompson aliupindua utaratibu huo. Alitwaa chipu ya silikoni ambayo njia zake za umeme zaweza kupangwa upya kwa amri ya kompyuta, akatumia pembe yake moja yenye seli 100. Alitaka itofautishe mawimbi mawili ya umeme, moja la mitetemo 1,000 kwa sekunde, la pili 10,000. Hakuichorea saketi. Kompyuta ilitoa mipango 50 kwa kubahatisha, na kila mmoja ukajaribiwa ndani ya chipu yenyewe. Iliyokaribia shabaha ilizaa mingine kwa kuchanganywa na kugeuzwa kidogo. Iliyo dhaifu iliachwa. Baada ya vizazi elfu kadhaa mawimbi yalitofautishwa barabara.

Kwa njia gani? Hapo ndipo penye ajabu. Chipu haikupewa saa ya kupimia mwendo, kitu ambacho fundi angekidai kabla ya kuanza. Seli zipatazo theluthi moja tu ndizo zilizohitajika, na miongoni mwake zilikuwamo zisizounganika kabisa na njia ya jibu. Walakini zilipozuiwa, kazi iliharibika! Mpango ule ule ulipohamishiwa pembe nyingine, ulilegea. Joto lilipopita kiasi cha siku za majaribio, ulikosea.

Wako wasemao kwamba jibu likiwa sahihi maelezo hayana haja. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wafugaji wetu waligandisha maziwa vibuyuni zamani sana kabla ya darubini kuonyesha vijidudu vifanyavyo kazi hiyo, na maziwa yalinyweka. Lakini kibuyu kilijaribiwa masika na kiangazi, kwa mikono mingi. Saketi ile ilijaribiwa pembe moja, chumba kimoja. Asiyejua kwa nini kitu chafaa hawezi kujua lini kitaacha kufaa. Chombo cha namna hiyo kikipewa kuendesha pumzi ya mgonjwa, nani atajibu siku wodi itakapopata joto? Kompyuta iliyochagua haikukusudia lolote. Atabaki mtu aliyeridhika na jibu akaacha kuuliza.

Thompson hakuacha. Namsifu kwa hilo kuliko ushindi wenyewe: saketi ilipokwisha kufaulu, ndipo alipoanza kuzizuia seli moja moja, kuihamisha, kuipoza na kuipasha moto, apate kujua amepata nini.