Kiharusi si Uchawi



Katika Lamadi, kandokando ya Ziwa Viktoria, huenda mtu akaamka na nguvu zake, akashuka mwaloni, na jioni akarudishwa nyumbani amepooza upande mmoja, mdomo umepinda na ulimi hautamki neno. Wengi hawaulizi alikuwa na ugonjwa gani, bali huuliza: "Ni nani amemroga?" Na katika nchi ya Wasukuma swali la namna hii limekwisha kumwaga damu. Wanawake wazee, ambao macho yao yalifanywa mekundu na moshi wa jikoni, wameuawa kwa mapanga bila ya kosa lolote.

Hebu tufikiri. Kiharusi hutokea mshipa wa damu ubongoni unapoziba au kupasuka. Kinachoharibu mishipa hiyo kuliko vyote ni shinikizo la damu lililozidi, ambalo wengi huliita presha. Nalo husaidiwa na tumbaku, pombe, unene, ugonjwa wa sukari na kukaa bila ya kutembea. Aghalabu haliumi, na mtu aweza kuwa nalo miaka mingi asijue. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanne nchini Tanzania, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa nalo. Je, wote hao wamerogwa?

Huenda mtu akasema: "Siku yangu imekwisha andikwa, kipimo kitanifaa nini?" Lakini Mtume Muhammad s.a.w. alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Tena alifundisha kwamba kila ugonjwa umewekewa dawa. Kupimwa ndiko kumfunga ngamia.

Kurani Tukufu nayo (7:32) inaturuhusu kula na kunywa, ila inakataza kupita kiasi. Basi chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Dagaa waliokwisha tiwa chumvi jikoni wasiongezewe mezani. Tumbaku na pombe ziachwe kabisa. Na mtu atembee kwa haraka nusu saa, walau siku tano katika juma.

Kurani hiyohiyo (49:13) inatuonya kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Amsingiziaye jirani uchawi hufanya maovu mawili: humdhulumu asiye na kosa, na humwacha mgonjwa bila ya matibabu.

Basi, ndugu yangu, nenda zahanati ukapimwe ungali mzima. Ikiwa kipimo kinafika 140 kwa 90 kila mara, shika dawa utakazopewa, wala usiziache kwa sababu tu umejisikia vizuri. Na umwonapo mtu mdomo umepinda ghafula au mkono umelegea, mkimbize hospitali saa ileile.

Mwenyezi Mungu atujalie kuilinda amana ya miili yetu, na atuepushe na dhana mbaya. Amin.